Kasa Nisiyemwona

Kwa muda wa miaka 29 nilikuwa karani wa mahakama, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika, neno kwa neno, yale ambayo mashahidi waliapa kuwa wameyaona kwa macho yao. Na katika dahari hiyo nikapata tabia, ambayo mke wangu huiita maradhi, ya kutomsadiki mtu asemaye "niliona" mpaka aeleze alisimama wapi, jua lilikuwa upande gani, na baina yake na hicho alichokiona palikuwa na kizuizi gani. Nayatanguliza haya ili msomaji apate kuupima udhia ulionifika mwezi wa Februari katika bahari ya Mnemba, ambapo shahidi nilikuwa mimi, na kizuizi kilikuwa kioo kisichozidi kiganja, kimefungwa usoni pangu kwa mpira.

Mpwa wangu huwachukua wageni kuzamia kutoka Nungwi, na kila ajapo mjini hunisimulia habari za chini ya maji, hata nikaona haya kuwa mzaliwa wa kisiwa niijuaye bahari kwa juu tu, kama mtu aliyekaa miaka 58 barazani pa nyumba yake asiingie ukumbini. Basi nikapimwa na daktari, nikafunzwa siku tatu katika birika la kuogelea, na nikajinunulia miwani yangu mwenyewe ya kuzamia, mipya, kwani sikupenda kuazima chombo kilichokwisha kukaliwa na pua za watu wengine. Mpwa wangu huiita maski. Mimi, kwa kuwa inafunika pua pamoja na macho, niliiona ni ndugu wa barakoa waliyovaa mabibi wa zamani. Na tofauti yake, niliyoijua baadaye, ni kwamba ile ya mabibi haikuwa ikivuja.

Siku ya kwanza tulishuka kwa kamba ya nanga hata mita 8, na kabla miguu yangu haijafika mchangani maji yalikuwa yamekwisha kubisha hodi. Hayakuingia kwa kishindo, kama nilivyohofu; yaliingia kwa adabu, uzi mmoja mwembamba chini ya pua, upande wa kushoto, mithili ya sisimizi apitaye njia aliyoizoea, kisha sisimizi wa pili, kisha msafara mzima, hata nikawa na kisima kidogo kilichonifika kwenye kope za chini, nami nikiitazama nusu ya dunia kwa hewa na nusu kwa chumvi. Dawa yake kuieleza ni rahisi: unaubonyeza ukingo wa juu kwa vidole, unainua uso, unapuliza kwa pua taratibu, na hewa inayasukuma maji yatokee chini. Nilifanya nilivyofunzwa, nikapata kuona kwa kadiri ya kusoma Fatiha moja ya haraka, kisha maji yakarejea. Mtu aliyezoea kuweka hesabu haachi hata akiwa taabuni: kwa dakika 31 tulizokaa chini nilipenga mara 43, na katika samaki wa Mnemba, ambao watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuwatazama, sikumtambua hata mmoja.

Nilikaza mikanda, naam. Nilifanya kosa la kila mwenye akili ya nchi kavu, adhaniye kuwa kilicholegea hutengenea kwa kukazwa. Kumbe mpira wa miwani ukivutwa kupita kiasi hujikunja, na kila kunjo ni mfereji.

Tulipopanda mashuani mpwa wangu alinitazama kwa kitambo, kama mwanasheria kijana anayetafuta namna ya kumwambia hakimu kuwa amekosea ukurasa.

"Mjomba, niwie radhi," akasema. "Miwani haina kosa. Maji yanapita hapa." Akaonyesha kwa kidole, bila kugusa, masharubu yangu.

Masharubu hayo yalikuwa na umri wa miaka 26, yaani yalimzidi yeye mwenyewe kwa miaka 2. Marehemu mama alinisihi niyapunguze. Imamu wa mtaani alinikumbusha mara mbili, tena mbele za watu, kuwa suna ni kupunguza masharubu na kuziacha ndevu, ilhali mimi nilikuwa nimefanya kinyume kabisa. Na mke wangu, ambaye kila asubuhi huiona chai ikichujwa mbele yake, alikwisha kukata tamaa. Wote hao niliwashinda kwa hoja. Nahodha alishauri nipake mafuta ya mgando yazibe njia, lakini mpwa wangu akasema mafuta hayo huuharibu mpira, nikaona sina tena pa kukata rufaa. Jioni ile nikaenda kwa kinyozi, aliyeniuliza mara tatu kama nina hakika, kisha akayafagia na nywele za watoto wa chuoni.

Siku ya pili mpira ulinata usoni kama kupe, halikuingia hata tone, nami nikashukuru mapema mno, kwani tulipofika mita 5 bahari yote iligeuka maziwa. Pumzi ya mtu ni vuguvugu na ina unyevu, na ikikikuta kioo kilichopozwa na maji hutua juu yake kama umande. Hivyo nikawa mithili ya mtu atazamaye harusi ya jirani nyuma ya pazia zito, akijua kuna watu, kuna rangi, na kuna kitu kinachochezwa, asijue ni nini. Niliporudi juu nikashtaki. Mpwa wangu akaniuliza kama niliusugua utando ambao kioo kipya hutoka nao kiwandani, usioonekana kwa macho, na ambao mvuke hupenda kuushika. Nikamjibu kuwa nilikipangusa kwa kanzu. Akatoa dawa ya meno, akakisugua kioo kwa ndani mpaka kikalia, akakisuuza, akanirudishia.

"Sasa tema mate, Mjomba."

Mtoto huyu nimemlea mimi baada ya kufiwa na baba yake, na katika mambo niliyomkanya kwa ukali hapana nililolishikilia kuliko kutema mate mbele ya wakubwa. Nikaduwaa na miwani mkononi. Tangu Wafaransa wawili, Cousteau na Gagnan, walipounda kipumulio chao mwaka 1943, wazamiaji wamejiongezea taa na saa na kompyuta za mkononi, lakini ukungu wa kioo bado wanautibu kwa mate.

"Au nikutemee mimi?" akauliza, kwa moyo safi kabisa.

Nikatema mwenyewe.

Mara hii nikaona. Wallahi niliona: kitatange mwenye milia akijipitisha baina ya matumbawe kama bibi harusi asiye na haraka, na mkunga aliyetoa kichwa pangoni akifumba na kufumbua kinywa kama shahidi aliyesahau maneno yake. Kwa kuwa niliona, nilisahau yote mengine, hata lile somo la birikani kwamba kila ushukapo sharti utoe pumzi kidogo kwa pua. Siku ya kwanza nilipenga bila kukoma nikapata nafuu hiyo pasipo kujua. Sasa, miwani ikiwa imeziba barabara, niliibana pua yangu kwa kiburi. Lakini ufikapo mita 10 uzito wa maji na hewa huwa maradufu ya ule wa juu, na hewa iliyomo ndani ya miwani husinyaa ikawa nusu, na ile nusu iliyopungua hudaiwa kwa uso wako. Nikahisi macho yakivutwa kutoka kichwani mwangu, kama mgongo wa mgonjwa uvutwavyo na chuku ya mwumikaji. Hapo nikaelewa kwa nini pua huwekwa ndani ya miwani. Wapiga mbizi wa lulu wa Ghuba, huko zilikotoka jahazi zilizotujia na kaskazi, walizama pua wameibana kwa kibanio na mguuni wamefunga jiwe, lakini hawakuvaa kioo, wakasalimika na adha hii.

Na ni wakati huohuo, nikiwa nimefumba macho kwa maumivu, ndipo mpwa wangu aliponishika bega na kunionyesha kitu. Nikapuliza kwa pua, kwa nguvu kupita kiasi. Mpira ukafunguka, maji yakajaa. Nikafumbua macho ndani ya chumvi nikaona doa la kijani na hudhurungi, lenye upana fulani, likiondoka upande wa kushoto. Nilipomaliza kupenga lilikuwa limekwisha kwenda zake.

Mashuani macho yangu yalikuwa mekundu kama ya mlevi, na yalidumu hivyo wiki mbili, mke wangu akiwaeleza majirani, bila kuulizwa, kuwa situmii kitu. Mpwa wangu alifungua daftari langu jipya la kuzamia, akaandika tarehe, mahali, kina mita 11, mkunga 1, kasa 1, akanipa kalamu nihakikishe.

Nikaitazama ile safu ya mwisho. Katika miaka 29 nilikwisha kuandika ushahidi dhaifu, lakini huu haukuwa na miguu ya kusimamia hata mimi nikiushika mkono. Na yeye alikuwa akinitazama, uso umejaa furaha, maji yakimtiririka nyweleni.

"Umemwona, Mjomba?"

"Nimemwona."

"Mkubwa kiasi gani?"

"Kama sinia ya pilau," nikasema, "ile ya watu wanane."

Akacheka. "Punguza, Mjomba. Chini ya maji kila kitu hukua."

Nikapunguza, nikaandika ya watu sita, nikatia sahihi.