Muuguzi Asajiliwe Kuwa Mali ya Kudumu

Kwa Msimamizi,
Idara ya Huduma za Umeme, Maji na Mawasiliano Vijijini,
Wizara ya Kilimo ya Marekani,
Washington, D.C.

YAH: OMBI LA KUMSAJILI MUUGUZI KUWA MALI YA KUDUMU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua hii inaletwa mbele ya Idara kwa shukrani nyingi, kwani ni nadra kupatikana ofisi ya serikali iliyong'amua kwamba kinachomponya mgonjwa wa kijijini ni skrini, na kwamba mtu wa kuiwasha ni gharama isiyo ya lazima.

Mpango wa ruzuku za elimu ya masafa na tibamtandao, ambao mizizi yake imo katika sheria ya kilimo ya mwaka 1990, hutoa kati ya dola 50,000 na dola 1,000,000 ili shule na zahanati za vijijini ziunganishwe na walimu na madaktari walio mbali. Tibamtandao ni huduma ambayo kwayo daktari humchunguza na kumshauri mgonjwa kupitia picha na sauti zinazosafirishwa kwa mtandao. Mwombaji hupewa alama kwa umaskini wa eneo lake na kwa uchache wa watu wake, na papo hapo hutakiwa achangie angalau asilimia 15 ya fedha anazoomba. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji; zahanati yake, hata hivyo, huulizwa ithibitishe ufukara wake kwa takwimu, kisha ioneshe fedha ilizonazo.

Ruzuku hiyo hununua zaidi mali za kudumu, yaani vitu vinavyoingizwa katika daftari la mali na kupunguziwa thamani mwaka hadi mwaka kadiri vinavyochakaa, kama vile kompyuta, kamera na nyaya za ndani ya jengo, pamoja na mafunzo ya kuvitumia. Hairuhusiwi kulipa mishahara ya watumishi wala gharama za uendeshaji zinazojirudia. Kwa hiyo zahanati inaweza kupata toroli lenye skrini, kamera inayozungushwa kwa rimoti na stetoskopu inayopeleka mapigo ya moyo hadi hospitali ya mbali, huku ikiwa haina mtu wa kuiweka stetoskopu hiyo kifuani mwa mgonjwa.

Kwa kuwa kanuni haziwezi kuwa na kosa, wenye kosa ni wauguzi, waliong'ang'ania kuwa binadamu. Inapendekezwa, kwa heshima zote, kila muuguzi abandikwe namba ya mali, aandikwe daftarini baina ya printa na kabati la seva, kisha akadiriwe uchakavu, kazi ambayo haitawasumbua wakaguzi, kwani muuguzi anayefanya zamu mbili mfululizo peke yake huchakaa mbele ya macho yao. Aidha, kwa kuwa kanuni zinakataa vifaa vya tiba ambavyo kazi yake ya msingi si tibamtandao, itabidi muuguzi ale kiapo kwamba hatampima mtu shinikizo la damu isipokuwa mbele ya kamera. Walimu wafuate utaratibu huo huo.

Inastahili pongezi pia kwamba maombi hupokelewa kwa mtandao pekee, kwani eneo lisilo na mtandao haliwezi kuyatuma, na lisipoyatuma halihesabiwi kuwa na shida.

Idara inayajua haya kuliko yeyote, ikiwa ni mrithi wa chombo cha umeme vijijini kilichoundwa mwaka 1935, wakati ambapo karibu shamba 1 tu kati ya 10 nchini humo lilikuwa na umeme. Chombo hicho kiliwakopesha wakulima kupitia vyama vya ushirika, ambavyo vilisimika nguzo, vikaajiri mafundi wa kuzipanda na vikakusanya bili. Lau kanuni za leo zingetumika wakati ule, kila shamba lingegawiwa balbu ya hali ya juu na semina ya namna ya kuifunga. Uzito wa bili ya kila mwezi ulionekana tena mwaka 2024, pale mpango mwingine wa serikali hiyo hiyo, uliokuwa ukizipunguzia kaya zipatazo milioni 23 gharama ya intaneti, kwa kawaida hadi dola 30 kwa mwezi, ulipoishiwa fedha na kufungwa.

Endapo ombi hili litaonekana kuwa la mzaha, lipo jingine lisilo na mzaha: sehemu ya kila ruzuku iruhusiwe kumlipa muuguzi au mwalimu mmoja, pamoja na bili ya intaneti, kwa muda wote wa mradi. Idara ikiona hilo haliwezekani, basi na itume fomu za kusajili mali, ikieleza bayana iwapo muuguzi aorodheshwe chini ya samani au chini ya mitambo.

Wenye kuomba kwa utii,
Wapokeaji wa Vifaa