Mheshimiwa wa Dola Mia

Mgombea wa Bunge la jimbo la New Hampshire, Marekani, hubisha hodi mwenyewe, kipeperushi mkononi. Wasifu wake mara nyingi ni ule ule: mstaafu, mkazi wa siku nyingi, babu wa wajukuu kadhaa. Sera: kodi ya mauzo hatuitaki, kodi ya mshahara hatuitaki. Mpinzani wake naye anaimba hivyo hivyo, maana anayethubutu kuugusa wimbo huo ajiandae kurudi kwa wajukuu.

Na akishinda? Dola 100 kwa mwaka. Katiba ya jimbo ilipanga hivyo mwaka 1889, na tangu hapo hazijaongezwa hata senti. Viti vya wawakilishi ni 400 kwa watu milioni 1.4 hivi, kwa hiyo mheshimiwa unaweza kumkuta kwenye foleni ya duka, kashika mkate wake. Msafara hana. Marupurupu? Hurudishiwa gharama za safari ya Concord, makao makuu.

Nawe wa huku kwetu, uliyeuza shamba la mzee ili ugombee, usicheke. Tuambie kwanza: shamba utalirudisha kwa hela gani?