Waamshe Basi

Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ilitoka mwaka 2016 ikiwa na prosesa ya kori nne. Hela nimelipa ya nne. Lakini mfumo wangu wa kujiandikia mwenyewe, wa biti 64, ukiwaka anayefanya kazi ni mmoja. Watatu wamelala fofofo.

"Wanaumwa?" mama aliniuliza. Alikuwa amekuja Dar kutusalimia, na ubao wenyewe nilikuwa nimeutandaza na waya zake kwenye meza ya chakula.

Hawaumwi, ndivyo walivyolelewa. Ukichomeka umeme, wa kwanza kuamka ni chipu ya picha. Hiyo ndiyo inayosoma kadi ya memori na kupakia keneli, halafu ndipo inaziachia kori. Namba 0 inaingia kazini. Namba 1, 2 na 3 zinakutana na amri ya wfe: subiri mpaka ushtuliwe. Ikishtuliwa, kila moja inachungulia kisanduku chake kwenye memori, anwani 0xE0, 0xE8 au 0xF0. Ikikuta sifuri, inarudi kulala bila kuuliza mtu. Kuna ofisi kadhaa mjini hapa zinaendeshwa hivyohivyo, ila huko mshahara unaingia.

"Waamshe basi," mama akasema.

Nikampa kila mmoja staki yake, maana wakichangia moja wataharibiana kumbukumbu. Kwenye visanduku nikaandika anwani ya kazi, nikasukuma kashe mpaka kwenye memori (maandishi yakibaki kwenye kashe ya namba 0, wenzake wanaendelea kuona sifuri), kisha nikatoa amri ya sev, ambayo ndiyo kelele yenyewe ya kuwashtua. Kila mmoja alitakiwa aandike kwa adabu, "Kori fulani tayari." Kwenye laptopu ikaja hii:

KKoKororiir 1 2i 3 ta t tayaayryiaariri

Mama akavaa miwani. Akaisoma yote kwa sauti, silabi kwa silabi, mpaka mwisho. Kisha akanitazama.

"Mwanangu, umewaamsha na pepo?"

Mlango wa kutolea maandishi ni mmoja, na watatu wameufikia kwa pamoja. Dawa yake ni kufuli, lakini nalo lina masharti: amri zake, ldxr na stxr, hazitegemeki kwenye ubao huu mpaka MMU (kisimamizi cha memori) na kashe za kila kori ziwe zimewashwa. Yaani kuwapanga foleni tu, nikaandika msimbo mrefu kuliko mfumo mzima wa awali.

Foleni ikakaa sawa. Anayeandika ni mmoja, na wengine wanazunguka mlangoni wakiuliza "tayari?" bila kupumua, mara mamilioni kwa sekunde. Hiyo kitaalamu inahesabika kuwa kazi, na chipu inaichukulia hivyo hasa. Mama akaigusa kwa kidole, akakitoa haraka.

Feni ilikuwa inanipepea mimi. Akaigeuzia ubao.