Barua ya Wazi kwa EWURA: Muhuri Umefika Ihembe, Mwenyewe Bado

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA),
Dodoma.

Salamu kutoka Ihembe, wilayani Karagwe. Migomba haijambo, kahawa imeuzwa, na aliyeuza kahawa amepaua. Sasa anataka umeme.

Kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000, na hapo hana neno. Ila kabla ya yote TANESCO inataka nyumba iwe imefungwa nyaya na mkandarasi mwenye leseni yenu, na mchoro uwe na muhuri wake. Ni kwa muhuri huo Ihembe inawavulia kofia.

Anayefanya wayaringi ni kijana wa hapa hapa. Anachimba ukuta kwa tindo, anapitisha mabomba, anavuta nyaya, anafunga meni swichi, kisha anagongomelea eathi rodi nje mpaka jasho linamdondoka. Leseni hana. Mwenye leseni yuko mjini, na nyumba hii hajawahi kuitia machoni. Kinachosafiri ni muhuri: unalipiwa, unapanda bodaboda ndani ya bahasha ya kaki, na ukishagongwa, kila soketi imekaguliwa. Muhuri wenye macho makali namna hiyo unastahili mshahara.

Kijana mwenyewe anaitwa kishoka. Kila mara wananchi wanaonywa wajihadhari na vishoka, nao wanajihadhari kwelikweli: hawamlipi kishoka mpaka awaonyeshe muhuri.

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 haina kosa. Volti 230 zinaua, na asiyejua kazi asiguse nyaya za watu. Madaraja ya leseni, kuanzia A hadi D pamoja na lile la W, yamepangwa yakapangika, na maombi yanatumwa kwa mtandao kupitia mfumo wenu wa LOIS bila nauli ya basi. Tatizo ni kwamba mfumo unadai vyeti, na kijana huyu alijifunza kwa kumbebea ngazi fundi aliyemtangulia. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini. Taarifa zake zikimfikia kijana kwa kasi ya ile bahasha ya kaki, Ihembe itashukuru.

Maombi ni mawili. Kwanza, EWURA na VETA wapange siku waje Kayanga, makao makuu ya wilaya yetu, wampime kijana akiwa na tesita mkononi. Akifeli, afungashe zana zake. Akifaulu, apate cheti ambacho LOIS itakipokea. Pili, mchoro uwekewe mstari wa jina na simu ya aliyefunga nyaya kwa mikono yake, kando ya muhuri. Soketi ikianza kutoa moshi, mwenye nyumba ajue wa kumpigia.

Wenu,
Watumiaji wa LUKU, Ihembe.

Nakala: Mwenye muhuri, popote alipo. Anakaribishwa kuja kuziona nyumba alizozikagua.