Stima na Sifa Zake

Mwalimu wa Kiswahili akikuta "stima" katika insha ya mwanafunzi wa Litein au Sotik, kwenye nyanda za chai za Kericho na Bomet nchini Kenya, kalamu nyekundu haikosi kupita: andika "umeme". Neno limezoea kuonewa. Kamusi nazo hulikumbusha kwamba ni mgeni, kwamba lilikuja likiwa meli ya mvuke, mfano wa ile William Mackinnon iliyoshushwa majini Kisumu mwaka 1900.

Hata hivyo, lipewe haki yake. Umeme una kazi yake mbinguni tangu zamani: kumulika kabla ya ngurumo. Waganda hawakuona taabu kuiita kampuni yao ya kusambaza nguvu Umeme, kuanzia 2005 hadi 2025. Lakini Kericho hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Alasiri wingu hujaa juu ya michai, mkalitusi ukaangukia nyaya, na mtu anayetangaza kwamba umeme umekata umeme ataulizwa amekunywa nini. Mwenyeji husema, "Umeme umepiga, stima imepotea." Mkosaji na mkosewa wanajulikana.

Na hiyo "imepotea" ina adabu ya ajabu. Stima ya Bomet haikatwi na mtu. Hupotea kama mbuzi, ikaaminiwa kuwa itarudi. Hata tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipoangukia transfoma katika kituo cha kuzalishia stima cha Gitaru na Kenya nzima ikaingia gizani, stima ilipotea tu. (Tumbili alitoka mzima.)

Wakubwa wenyewe wamesalimu amri: makao makuu ya Kenya Power jijini Nairobi yanaitwa Stima Plaza.

Ila ni kwenye kiwanda cha chai ndiko neno hili linakochekesha zaidi. Majani mabichi yakiwa kwenye vitanda vya kunyaushia, stima inapotea: feni zinanyamaza, mashine za kusaga zinasimama, fundi anakimbilia jenereta kabla majani hayajapata joto. Kumbe upande wa pili wa ukuta boila bado inanguruma kwa kuni za mikalitusi, na mabomba yanayopeleka joto kwenye vikaushio yamejaa mvuke, nguvu ya stima ile ya kwanza, ya melini. Hiyo haijapotea, na hakuna anayeihesabu.