Sifa za Luteni Mary Sue

Luteni Mary Sue, ambaye nakusudia kumsifu kwa kadiri ya uwezo wa kalamu yangu, alizaliwa Marekani mwaka 1973 katika Menagerie, jarida dogo la mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za angani, mikononi mwa Paula Smith, mwanamke ambaye, baada ya kuchoshwa na hadithi ambazo mashabiki wenziwe waliwatungia wahusika wasio wao, aliona kwamba njia ya adabu kuliko zote ya kulalamika ni kutunga nyingine fupi iliyozidi zote. Humo binti wa miaka 15 na nusu, luteni mdogo kuliko wote katika jeshi la merikebu za angani, anapanda chomboni. Kapteni Kirk anashikwa na mahaba papo hapo, anakataliwa kwa staha, anamstahi kwa kukataliwa huko, kisha anamkabidhi merikebu ili yeye aende kuleta kahawa. Spock, afisa wa merikebu hiyo, anaisifu akili yake. Binti anafungua kufuli la gereza kwa kibanio cha nywele. Wakubwa wake wanapougua anaiendesha merikebu kwa ustadi hata akatunukiwa Nobeli ya Amani. Halafu anafariki, wanaume wanne wazima wanamlilia bila haya, na siku yake ya kuzaliwa inafanywa sikukuu.

Fadhila zake, na za kila binti wa hadithi aliyerithi jina lake, kwa waandishi hazina kifani. Kumwumba mtu hadithini ni kazi ya mashaka, kwa kuwa yataka apungukiwe, asite, atamke neno ambalo baadaye atalijutia. Mary Sue ameuondoa udhia wote huo, maana macho yake ya zambarau yanatosha kuwa wasifu, na uyatima wake, ajapo hadithini akiwa nao, ni huzuni iliyokwisha kuandaliwa. Wala hakuwanyima rehema wanaume waliomzunguka: amewatua mzigo wa kuwa watu, hata Kirk hahitaji tena ujasiri wala Spock mantiki, ilimradi wote wawili wawe na machozi ya kutosha.

Lakini ni kwa wanawake wenziwe ndipo ukarimu wake unapopindukia. Luteni Uhura wa merikebu hiyo hiyo, ambaye jina lake lilichotwa katika Kiswahili, na ambaye katika kipindi cha kwanza cha Star Trek kilichorushwa, Septemba 1966, alisikika akikisema Kiswahili chenyewe mbele ya Wamarekani, alikuwa ameketi kwenye mitambo ya mawasiliano kwa cheo chake na ujuzi wake. Mary Sue ajapo humpumzisha: humfanya shoga wa kusikiliza siri, au, akionekana mzuri mno, humfanya hasidi. (Msomaji wa pwani atawiwa radhi akinung'unika hapa, wasemaji wa lugha yetu huko juu ya nyota si wengi kiasi cha kupunguzwa.) Na katika zile hadithi nyingine, ambazo huwaunganisha kwa mahaba Kirk na Spock wenyewe, mara nyingi mwanamke hapewi hata kazi ya uhasidi, hufishwa mapema, au hugeuzwa mgomvi asiyestahili kuhurumiwa, ili njia iwe nyeupe. Waliozitunga wengi wao ni wanawake, jambo linaloonyesha jinsi mafunzo ya luteni yalivyokolea.

Adui zake hudai kwamba amekamilika mno. Sawa, lakini James Bond huendesha kila chombo na hupendwa na karibu kila amtazamaye, na kwetu Willy Gamba wa Elvis Musiba ni mpelelezi ambaye risasi humkwepa na warembo humwandama, nao wote wawili wameitwa mashujaa na kuuzwa madukani. Hata mwanamume alipotafutiwa jina la kejeli kwa kosa hilo hilo, aliitwa Gary Stu, yaani alilikopa kwa binti. Gene Roddenberry, aliyeibuni Star Trek, alipoirejesha katika televisheni mwaka 1987 alimtia merikebuni kijana Wesley Crusher, akampa jina lake mwenyewe la kati, akamwacha awaokoe watu wazima mara kadha wa kadha kabla hajaota ndevu. Watazamaji wengi walimchukia, ni kweli, ila chuki yao ilimkuta amekwisha kuvaa sare na kukalia usukani. Mary Sue kwa kazi ile ile alilipwa mauti na sikukuu moja, na sikukuu yenyewe haivuki mlango wa merikebu.