Asilimia Kumi, na Mimi Simo

Hesabu yenyewe ni nyepesi, jirani. Halmashauri ikikusanya mapato yake ya ndani, asilimia kumi inatakiwa itoke kama mkopo kwa vikundi. Nne za wanawake. Nne za vijana. Mbili za watu wenye ulemavu. Riba hakuna, hata senti. Imo kwenye sheria tangu 2018, siyo maneno ya jukwaani. Sasa nitafute mimi humo. Mwanaume, viungo kamili, kitambi cha wastani, mvi za kutosha. Niko kwenye ngapi? Siko popote.

Zamani ujana wa mkopo ulikuwa unaishia miaka 35. Nikasema sawa, gari lilishaniacha. Mwaka 2023 wakaisimamisha mikopo yenyewe, maana kuna vikundi vilichukua hela vikayeyuka, na vingine vilikuwa hewa tangu kuzaliwa. 2024 ikarudi, na kanuni mpya. Redio ikatangaza: ujana sasa mpaka miaka 45! Nikaruka. Nikamfuata mke wangu jikoni, mama weee, mumeo kijana! Hakugeuka hata kunitazama. Akauliza tu, kitambulisho chako cha NIDA kinasemaje? Kinasema vibaya. Yaani serikali imeongeza miaka kumi mizima ya ujana, kwa huruma yake, na bado imeniacha nje. Jioni kijiwe kizima kilikuwa na habari. Mpaka leo madogo wa bodaboda wananisalimia, "Shikamoo, kijana."

Basi nikaingilia mlango wa uani. Mke wangu ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, wanatengeneza sabuni ya maji. Wakataka mkopo, na mkopo unataka makaratasi. Mimi kalamu ninayo, na kazi maalumu sina. Wakanipa ukatibu. Lakini siyo ukatibu. Katibu lazima awe mwanachama, na mwanachama lazima awe mwanamke. Kwa hiyo kwenye muhtasari naitwa mwalikwa. Na muhtasari naandika mimi mwenyewe! Mahudhurio: wajumbe wote. Waalikwa: mmoja. Chai ikija inaanzia kwa wajumbe. Sambusa zikifika kwa mwalikwa, zimebaki zile za pembeni zilizopasuka, nyama imeshamwagikia kwenye sahani ya mtu mwingine.

Hayo makaratasi sasa. Kuna katiba ya kikundi. Watu wanauza sabuni ya vyoo, wana katiba. Kuna barua ya serikali ya mtaa, na barua bila mhuri siyo barua. Ukienda, mwenyekiti wa mtaa yuko msibani. Ukirudi, yeye yupo, mhuri haupo. Kuna akaunti ya benki ya kikundi, na waweka saini wanatakiwa waende pamoja. Mmoja ana mtoto mgonjwa, mwingine ana nguo ya harusi kwa fundi, wa tatu ni mke wangu, na kwake naombea ruhusa ya kuomba. Halafu kuna andiko la mradi.

Andiko ndiyo lilinimaliza. Mimi najua andiko ni nini? Nikaenda steshenari. Dogo wa pale akaniambia mzee wangu usihangaike, la kuku lipo, la bodaboda lipo, la sabuni lipo, nabadilisha jina tu. Nikaona ustaarabu huo. Nikalipa, likatoka la moto, kurasa nene, na jalada la plastiki juu. Nikalibeba mpaka kata, kwa afisa maendeleo ya jamii, dada mmoja mpole wa miwani. Akasoma. Akafunua. Akarudi nyuma. Akaanza kusoma kwa sauti, polepole, foleni yote inasikia: "Kikundi kina uzoefu wa muda mrefu katika kunenepesha ng'ombe."

Kimya. Akanitazama juu ya miwani. "Baba, hawa ng'ombe wako wapi?"

Ningesema nini? Nikasema ni mpango wa baadaye, dada. Mtu nyuma yangu akacheka mpaka akatoka nje. Afisa wa watu akatoa kalamu, akaanza kunifundisha kama anamfundisha mtoto wa chekechea. Malighafi shilingi ngapi? Dumu moja linauzwaje? Mnauza mangapi kwa wiki? Marejesho mtayatoa wapi? Kila swali nilikuwa najibu "ngoja nimuulize mama mwenyekiti." Mwishowe akasema kwa heshima zote, baba, safari nyingine mlete yeye.

Alipoletwa yeye, wakamaliza kwa dakika chache. Mimi nilishika mkoba.

Sasa hapo ndipo afisa akatoa wazo lililotutesa mtaa mzima. Kwenye kata kuna vikundi vitatu vya sabuni ya maji. Vitatu! Vyote vinanunua malighafi, salfoniki na ungaroli, kwa rejareja, vyote vinashushiana bei, na wateja ni walewale. Akasema kwa nini msinunue pamoja kwa pipa? Bei ya pipa na bei ya kupimiwa ni mbingu na ardhi. Na tenda ya shule au zahanati kikundi kimoja hakiwezi kuijaza, vitatu vinaweza.

Kila mtu akaitikia. Kikao kikaitishwa. Mwalikwa akaitwa aandike.

Jirani, niliandika mpaka kalamu ikaisha wino, na kwenye karatasi kulikuwa na ajenda moja: nani awe mwenyekiti wa wenyeviti. Wa kwanza akasema kikundi chake ndicho kikongwe. Wa pili akasema chake ndicho kina mhuri. Wa tatu, ambaye ni mke wangu, akasema chake ndicho kina katibu. Nikajinyoosha kwenye kiti. Akamalizia: "Hata kama ni mwalikwa." Nikajikunja tena.

Aliyewatuliza ni bibi mmoja asiyependa kelele. Akawakumbusha watu wa Kurasini. Bandari ilipotaka kupanuka, wapangaji na wenye nyumba wakatakiwa wahame. Wale waliokuwa kwenye vikundi vya kuweka akiba vya Shirikisho la Watu Maskini Mijini wakachanga, wakanunua ardhi Chamazi, ekari 30, wakajenga. Bibi akauliza, wale walinunua ardhi, nyie mnashindwa pipa? Ukumbi ukanyamaza. Mimi nikaandika yote, hata kukohoa kwake.

Wakakubaliana: uenyekiti kwa zamu, mweka hazina kutoka kikundi kingine, kila kikundi kibaki na mkopo wake na deni lake, kinachounganishwa ni manunuzi na tenda tu. Naona ni akili. Ukiunganisha madeni, siku mmoja akikwama mnafukuzana mtaa mzima. Ajenda ya mwisho ikawa nani atalitoa pipa Kariakoo. Hakuna aliyepiga kura. Waligeuka tu, wote kwa pamoja, wakanitazama.

Pipa la salfoniki, jirani, ni zito. Na likikudondokea tone mguuni unacheza muziki usioupenda.

Sisi wababa tumeona tusinyanyasike hivi. Kuna ile sheria ya huduma ndogo za fedha, nayo ya 2018, inavitambua vikundi vya kuweka na kukopa kwenye daraja la nne, unasajili halmashauri, na haikuulizi kama wewe mwanamke au kijana. Tumeanza cha kwetu. Tunakutana Jumapili nyuma ya gereji. Mpaka sasa tuna wenyeviti wanne na katibu mmoja. Wanachama bado tunatafuta, karibu sana, njoo na kiti chako.

Na wewe mwenye kikundi cha kweli, usipite steshenari kwanza. Nenda kata, muulize afisa maendeleo ya jamii, swali halina bei. Andiko la ng'ombe mimi bado ninalo. Ukilitaka, lina jalada.